Mama Shahidi na mstari wa bibi harusi

Saa mbili na robo asubuhi, mama mwenye koti la kazi la buluu anasimama kwa ncha za vidole mbele ya ubao wa matangazo ya ndoa, ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani la halmashauri ya jiji. Anafuta kioo. Kitambaa chake kinafika juu kabisa. Macho yake, anasema mwenyewe, yanaishia katikati. Miwani ameisahau nyumbani, kama kawaida.

Hajamaliza, mlango wa chumba cha ndoa unafunguka. Karani anatoa kichwa na kumwuliza swali la miaka kumi na tisa: "Mama, una kitambulisho?"

Anacho, mfuko wa kushoto. Anaegemeza fagio ukutani, anajifuta mikono, anaingia kushuhudia ndoa ya watu asiowajua.

Humu ndani wanamwita Mama Shahidi. Kila ndoa inataka mashahidi wawili, na haupiti mwezi bila mtu kuja na shahidi pungufu. Rafiki kakwama njiani, ndugu kanuna, au wawili wamependana kimyakimya na hawakumwambia mtu. Hapo ndipo mfanya usafi anapoitwa. Karani, akifungasha vitabu vya zamani hivi karibuni, alikuta sahihi yake mara mia tatu na kumi na mbili.

Halipwi kwa hilo. Hupewa soda, na siku moja alipewa nusu ya keki.

"Mshahara wangu ni wa kufagia," anasema. "Hii naifanya kwa sababu siwezi kuona binti anarudi kwao hajaolewa kwa kukosa mtu wa kushika kalamu."

Si kwamba hajawahi kuharibu. Mwaka wa tatu alitia sahihi kwenye mstari wa bibi harusi. Bwana harusi alitoka jasho. Bibi harusi akauliza kama ameletewa mke mwenza kabla hata hajatoka chumbani, na chumba kizima kikacheka huku karani akichana ukurasa. Tangu siku hiyo karani humwekea kidole mahali pa kusaini.

Leo binti anayeolewa analia kwa furaha na hana leso. Mama Shahidi anatoa kitambaa safi, cha akiba, na kumfuta mashavu polepole kama alivyowafuta wanawe walipokuwa wadogo.

Ijumaa hii ndiyo siku ya mwisho ya ndoa kufungwa humu. Jengo linafungwa kwa matengenezo. Ofisi ya ndoa inahamia jumba jipya la vioo ng'ambo ya bustani, na yeye anahamishiwa kufagia soko. Hilo halimsumbui sana. Linalomsumbua ni lingine, na analisema akiwa amegeukia dirisha.

"Mstari wa bibi harusi nimeutia sahihi mara moja tu, tena kwa makosa. Natamani niutie mara moja bila makosa. Humu humu."

Mwenzake hayuko mbali. Ni fundi viatu, anakaa chini ya ngazi, kati ya mnara wa saa na posta ya zamani. Wameishi pamoja miaka ishirini na saba, watoto watatu, mjukuu mmoja. Wazazi wa pande zote waliridhia, ila hawakuandikishwa popote. Kila alipoligusia jambo hilo, fundi alimjibu kwamba karatasi ni ya watu wasioaminiana. Mwezi uliopita mama akaamua kunyamaza.

"Mtu humlazimishi jambo la furaha," anasema, na kurudi kwenye fagio lake.

Ngazi za jengo hili ni thelathini na nne, zimelika katikati kwa nyayo za watu. Chini yake fundi anang'arisha kiatu cha bwana harusi mwingine. Saa ya mnara imechelewa dakika kumi. Yeye huisoma hivyo hivyo na kujumlisha. Akiulizwa kwa nini anakataa, anauliza gazeti hili linatoka lini.

Linatoka Jumamosi.

Basi anafunua sanduku la vifaa. Chini ya vipande vya ngozi kuna viatu vyeupe vya kike, namba thelathini na nane, kimoja bado hakina kisigino. Soli ni laini, kwa sababu mwenyewe hushinda amesimama.

"Siku aliponyamaza ndipo nilipomsikia," anasema. "Niliona aibu. Nang'arisha viatu vya mabwana harusi wa watu, mwenzangu yuko huko juu anawashuhudia."

Tangazo lao liko ubaoni wiki ya tatu sasa. Sheria ni sheria, ila karani amelibandika juu kabisa, mahali pa kitambaa, si pa macho. Kila asubuhi mama analifuta hadi linameta.

Ijumaa saa nne fundi atapanda, amwulize mbele ya karani. Akikataa, viatu ni vyake vilevile.

Limebaki jambo moja. Kijana wao mkubwa atakuwa shahidi wa kwanza. Shahidi wa pili hakuna, maana anayeitwa siku zote watu wakipungua ndiye huyo huyo atakayeolewa.

Fundi anaweka brashi chini, anamtazama mwandishi wa makala haya.

"Mwanangu," anasema, "una kitambulisho?"