Macho ya Mama Hosiana Kwenye Kipimo cha Boila

Saa mbili asubuhi, Kahama. Ndani ya kinu cha kukamua mafuta ya pamba boila linanguruma na joto linapiga usoni. Generoza Magashi amechuchumaa. Anasuuza ncha ya kipimo kwa maji yasiyo na chumvi hata chembe, anaikung'uta taratibu, kisha anaitumbukiza kwenye kikombe chenye maji maalumu ya chumvi.

“Subiri itulie,” anasema mumewe, Clemens, aliyekalia ndoo iliyogeuzwa.

“Imetulia, Baba Hosiana. Elfu moja mia tatu tisini na nane.”

Clemens anatabasamu. Maji hayo yametengenezwa yasome 1,413. Tofauti ya kumi na tano inavumilika. Kipimo bado kinasema kweli.

Hiyo ndiyo kazi yao: kuhakiki vipimo vinavyoonyesha maji ya viwandani yanapitisha umeme kiasi gani. Maji yenye chumvi nyingi hupitisha zaidi. Kipimo kikisoma pungufu, fundi huamini maji ni safi, kumbe ukoko wa chumvi unajijenga kwenye mabomba ya boila, na ipo siku yatapasuka.

Clemens, mzaliwa wa Ushirombo mwenye miaka 57, aliifanya kazi hii peke yake kwa miaka kumi na minane, Shinyanga hadi Geita. Mkewe aliuza mchele sokoni, na jioni alimnakilia ripoti kwa mwandiko wake mzuri.

Jioni moja, miaka mitatu iliyopita, alikuwa akinakili ripoti ya kinu hiki hiki. Daftari la Clemens lilisema 1,413. Picha ya kipimo ambayo Clemens mwenyewe aliipiga kwa simu ilionyesha 1,113, pungufu kwa mia tatu.

“Nikamwita,” anasimulia Generoza. “Akaileta simu karibu na pua, akaisogeza mbali, akairudisha. Halafu akaniuliza inasema ngapi. Hapo nikajua haoni.”

“Nilikuwa naona ukungu tangu miezi minane nyuma,” Clemens anakiri. “Nilificha. Niliogopa kazi itaniponyoka, na hii ndiyo kazi pekee ninayoijua.”

Generoza hakumlaumu. Alimwambia jambo moja tu: “Yule fundi Maige anasimama mbele ya lile boila kila siku.”

Asubuhi walipanda bodaboda mpaka kiwandani. Clemens mwenyewe akamweleza meneja, bila kumung'unya maneno. Boila likazimwa. Lilipopoa na kufunguliwa, ukoko ulikuwa umeganda mabombani, mnene kama sarafu.

“Nilitaka kumkasirikia,” anasema Maige, fundi wa boila hilo. “Nikamwona mzee kasimama mbele yangu, mkewe kamshika mkono. Nikasema, shikamoo mzee, asante kwa kurudi.”

Hospitalini waliambiwa ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda. La kulia lingehitaji dawa ya matone kila siku. Kati ya viwanda kumi na kimoja vilivyomtumia, saba vilimwacha. Vinne vilibaki, kwa sharti kwamba Generoza asome namba na fundi wa kiwanda naye azisome.

Basi Generoza akaacha mchele.

“Mwanzoni niliharibu,” anasema akicheka. “Nilirudisha maji ya chumvi yaliyokwisha kutumika kwenye chupa, nadhani naokoa. Chupa nzima ikachafuka. Hakunifokea. Alinifuta jasho akasema, tuanze upya, Mama Hosiana.”

Sasa, akiwa na miaka 49, amepata nafasi kwenye chuo cha ufundi mjini Shinyanga. Ataanza Januari, kozi ya miaka miwili itakayompa cheti cha kuhakiki vipimo kwa jina lake. Kila asubuhi anapomtilia mumewe matone, Clemens amelaza kichwa mapajani mwake akimuuliza maswali: joto la maji liwe nyuzi ngapi? Ncha ikiingiwa na povu la hewa, unafanyaje? Akikosea, Clemens anarudia swali polepole.

“Daktari hakuniahidi jicho hili litadumu muda gani,” anasema Clemens. “Mimi naomba miaka miwili tu. Ripoti ya kwanza yenye jina lake, nataka niisome kwa jicho langu.”

Generoza anafunga begi la vifaa, anamshika mkono ainuke.

“Utaisoma,” anamwambia. “Nitaiandika kwa herufi kubwa.”