Nilichunguza vyama vya wajumbe wa bodi ya parole, kumbe faili la mdogo wangu limekwama kwenye mashine yangu ya kusaga

Wakuu, na nyie wadogo mnaojiita wakuu, salaam.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe. Nikitia chumvi, mama yangu bado yupo hai na atanisuta.

Shule nimeishia darasa la tatu. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo anayetaka kusahihisha herufi asahihishe, lakini nyumba ya tofali ninayo, mikorosho ninayo, na mashine ya kusaga pekee kijijini kwetu huku kata ya Marambo, Nachingwea, ni yangu. Hakuna aliyenipa.

Tuendelee.

Nina mdogo wangu, Hassani. Alimkata panga la mkono jirani yetu anaitwa Mchopa, wakigombea mpaka wa mikorosho. Hakimu akampa miaka sita. Haki yake, sibishi.

Mwaka juzi tukaambiwa Hassani ana nidhamu nzuri huko gerezani, jina lake litapelekwa kwenye bodi ya parole. Yaani anaweza kumalizia kifungo nyumbani, anaripoti tu.

Mama aliposikia hivyo akaacha kuulizia habari nyingine zote. Macho yamekwisha, miguu imekwisha. Kila Ijumaa:

"Bodi imesemaje?"

"Bado, mama."

"Waambie kaburi langu liko tayari, wao ndio wananisubirisha."

Nikaona hili suala linataka akili ya kiutu uzima. Mimi kwenye biashara yangu, kabla sijakaa na mtu nataka kujua katokea wapi na anaelekea wapi. Nikajiambia, hawa wajumbe ni watu. Watu wana vyama. Nikijua chama cha kila mmoja nitajua pa kugonga.

Nikanunua daftari nikaanza research.

(Hapa niseme: mimi nina chama changu na Mchopa ana chake. Sivitaji, mods wasije wakaufuta uzi bure. Nyie jueni tu kwamba kwetu kusini chama ni kama damu, na wakati wa kampeni tunafika mahali hatununui chumvi duka moja.)

Majina matatu niliyapata kwa kuulizauliza. Mmoja mwalimu mkuu mstaafu, anakaa Ruangwa mjini. Mmoja mama, nesi mstaafu. Mmoja sheikh.

Kwa nesi niliandika "mwenzetu" maana kondakta mmoja aliapa kamwona na kanga ya chama chetu. Wiki ya pili fundi cherehani akaniambia huyo mama ana kanga za vyama vyote, anavaa ile iliyokauka. Nikafuta.

Sheikh nilisafiri kwenda kuswali msikitini kwake nisikie anamwombea nani. Akawaombea viongozi wote, wagonjwa wote, wasafiri wote. Nikaweka alama ya kuuliza.

Mwalimu ndiye alinichanganya kabisa. Wa stendi ya Ruangwa wakasema huyo wa kwenu. Wa sokoni wakasema huyo wa kule.

Nikaamua kwenda mwenyewe. Nikaweka kofia mbili kwenye mfuko, ya chama chetu na ya wale, hiyo ya pili niliazima. Mpango wangu ulikuwa niangalie kwanza ukutani kwake kuna picha ya nani, ndipo nivae.

Ukutani kulikuwa na saa tu.

Nikavaa yetu kwa kubahatisha.

Mwalimu akaniangalia. "Karibu mzee mwenzangu. Umekuja kama nani?"

"Kama mpiga kura mwenzako."

"Hapa si kituo cha kura."

Nikamweleza habari ya Hassani. Hata sijafika katikati akanyanyua mkono kama ananyamazisha darasa. "Faili la mfungwa silizungumzi nyumbani kwangu, si na wewe, si na mke wangu. Chai ipo."

Nikanywa chai. Chai nzuri, ina tangawizi. Tukaongea bei ya ufuta mpaka nikachoka. Nanyanyuka kuaga, mfuko ukapinduka, ile kofia ya pili puu, chini.

Mwalimu akaiokota, akaipangusa vumbi taratibu, akanipa.

"Mzee, unasahau kichwa chako kingine."

Wakuu, nimefanya biashara na Wahindi, nimefanya na Wachaga, sijawahi kutolewa kwenye nyumba ya mtu kwa heshima namna ile.

Sasa ndiyo tunafika penyewe.

Wiki iliyofuata akaja kijijini ofisa wa kukusanya maoni, binti wa kutoka Kanda ya Ziwa huko. Kumbe bodi kabla haijakaa inataka kujua kijiji kinasemaje, aliyeumizwa anasemaje, na mfungwa akitoka atafikia kwa nani. Mimi miezi yote nawafukuzia wajumbe hilo silijui. Darasa la tatu hawakufundisha.

Tukakaa ofisi ya kijiji. Mchopa akaitwa. Nikajua tumekwisha.

Akasimama, akakunja shati akaonyesha kovu. "Mkono huu umepona, nalima nao. Hassani kwangu hana neno, aje hata kesho. Neno langu ni kwa huyu kaka yake."

Binti akauliza, "Kaka yake amefanya nini?"

"Hassani akitoka anafikia kwa nani? Kwa huyu. Na huyu ndiye aliyemfundisha kwamba mimi si mtu. Mama yangu alipofariki, hata panga halijatokea bado, kijiji kizima kilikuja kuzika. Majembe yalilala. Maduka yalifungwa. Huyu kwa sababu ya chama akawasha mashine. Tunateremsha maiti kaburini, tunasikia mashine ya mzee inaunguruma. Dua hatukusikilizana."



Binti anaandika. Nilitamani wino umwishie.

Mwishoni akasema, "Alhamisi narudi kuchukua sahihi ya atakayempokea na neno la mwisho la aliyeumizwa. Zungumzeni." Akapanda pikipiki, akaenda.

Wakuu, mimi ni mkali, lakini mwongo siyo. Ile siku ya maziko niliwasha kweli. Na mahindi ya mteja hayakuwepo. Nilisaga pumba.

Sasa kwenda kwa Mchopa peke yangu mdomo haukubali. Kwetu jambo likiwa zito hivyo unamtafuta mtani, maana mtani anaweza kusema lolote na hakuna wa kumkasirikia. Mimi Mmwera, nikaenda kwa Bi Somoe, Myao, mtani wangu toka babu na babu.

Akanisikiliza, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniambia nibebe debe la unga kichwani, mimi mwenyewe, nisimpe mtu. Akachota unga akanipaka uso mzima, akanifunga kamba ya katani kiunoni, akaishika, tukatembea katikati ya kijiji mchana kweupe.

"Njooni mnunue beberu! Meno mabovu, kichwa kigumu, lakini mashine yake nzima!"

Watu wakatoka majumbani. Mwingine akauliza anakula nini. "Anakula pumba, si mlimsikia anasaga!"

Tukafika kwa Mchopa. Alikuwa anabangua korosho. Akaniona nilivyo, akajikaza asicheke. Ikamshinda.

Bi Somoe akasema, "Mwenye msiba, nimekuletea mfiwa aliyechelewa. Muuze, umchinje, mimi sina shida naye."

Mchopa akanitua lile debe. Akasema, "Mwekeni hapo kivulini, anywe maji."

Kesho yake sikuwasha mashine. Watu wanakuja na mahindi kichwani, nawaambia leo kuna msiba.

"Msiba wa nani?"

"Wa mama yake Mchopa."

"Mzee, si alikufa zamani?"

"Ndiyo. Mimi ndiyo nimefika leo."

Jioni tukaenda kaburini mimi na Mchopa, tukafyeka nyasi, tukamsomea Fatiha. Mara hii dua tulisikilizana.

Alhamisi binti akarudi, mimi nikaweka sahihi ya kumpokea, Mchopa akatoa neno lake la kumkubali. Nikapata hamu ya kumuuliza binti chama chake. Nikameza.

Bodi ikakaa, sijui kina nani walisema nini. Hassani akarudi wakati mikorosho imeanza kutoa maua. Mama akampapasa uso, masikio, mpaka vidole akahesabu. Halafu akasema, "Umekonda. Nenda kwanza kwa Mchopa ukale, alishakualika."

Njiani Hassani ananiuliza, "Kaka, wale wajumbe walikuwa chama gani?"

Nikamwambia, "Daftari zima nimeandika, sijui. Ila chama cha aliyekutoa nakijua, na uzuri wake si chetu."

Nilichojifunza ni hiki: mnahangaika kuchungulia itikadi za wakubwa, na jirani unayeshirikiana naye ukuta hujui mama yake alizikwa lini. Mjinga alikuwa mimi, mengine semeni nyie.

Na wenye watani hapa jukwaani, nani aliwahi kupitishwa barabarani na kamba kiunoni? Njooni tulinganishe. Wanaotaka kunitukana nao waje, ila waanze na Bi Somoe, wakimuweza waje kwangu.