Kumi na Mmoja Kwenye Fomu ya Kodi

Mtu aliyenipokea Mesquite, mji wa Texas, hakunipenda, nami sikumpenda, na hilo halikutuzuia kula sahani moja. Alikuwa mtu wa Tabora, fundi wa karakana ya reli kabla hajaja Amerika, amenizidi umri kiasi cha kunikaripia bila kuomba radhi. Mimi nilikuwa nimetoka Houston, ambako nilifanya kazi tano nikaziacha zote, kwa sababu kazi nikishajua inavyokwenda huanza kuninukia. Watu wa msikitini walimwambia kuna kijana wa nyumbani hana pa kulala. Akanichukua kwa kuona aibu kukataa mbele yao, na tangu siku ile jina langu likawa "mhuni".

Tuliajiriwa pamoja kwenye ghala la matairi. Kabla hatujagusa tairi hata moja, mama wa ofisi ya mishahara alitupa fomu ya kodi. Kila aliyefanya kazi Amerika miaka ile anaikumbuka: unaandika idadi ya watu unaowabeba, wewe mwenyewe ukiwamo, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo wanavyokata kidogo kwenye cheki yako ya kila wiki. Ukiandika moja, wanakukamua mwaka mzima, kisha wanakurudishia kilichozidi kana kwamba wanakupa zawadi ya Idi. Niliyasoma maelezo yote, hata yale ya herufi kama sisimizi, maana sijawahi kuona maandishi nikayapita. Niliandika moja.

Yeye aliandika kumi na moja.

"Kumi na moja, kaka?" nilimwuliza tulipotoka. "Watoto unao wawili. Nimeona picha zao ukutani."

"Ninao wanane."

"Wale sita si wa marehemu kaka yako?"

"Marehemu hana watoto. Watoto anao aliye hai. Wanane, na mke, na mama, na mimi. Jumlisha, au shule uliikimbia kabla hawajafika hapo?"

Nilikasirika, lakini hesabu yake ilikuwa sawa. Siku ya arobaini ya kaka yake alisimama mbele ya ukoo akasema hawa ni wangu, na tangu hapo wote walikuwa wanakula na kusoma kwa mkono wake. Tabora hakuna ambaye angemwuliza yupi wa kumzaa na yupi wa kaka yake. Kuuliza hivyo ni kumtukana mtu. Tena Mmeksiko mmoja wa pale ghalani, mwendesha foklifti ya kunyanyulia matairi, alikuwa amemwambia asubuhi ile kwamba yeye huandika watoto wake walioko Mexico, na mama yake pia, na hakuna aliyewahi kumsumbua. Basi mtu wangu akaona njia ni nyeupe. Mpaka ni mpaka, alisema, urefu wa safari haubadilishi mtoto.

Tukaitwa ofisini, yeye kwa ajili ya fomu yake, mimi kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha matairi tu. Yule mama wa mishahara alikuwa na sauti tamu ya Texas na bakuli la peremende ambalo hakumkaribisha mtu.

"Mwambie namba ikizidi kumi sheria inanilazimu nipeleke fomu yake serikalini," alisema. "Watamwuliza maswali."

Nikamwambia.

"Na waulize. Nimeiba?"

"Hao watoto wako hapa Texas?" aliuliza yule mama.

"Wako nyumbani kwao," alijibu nilipomtafsiria, akashangaa kwamba kuna mahali pengine mtoto anaweza kuwa.

"Nyumbani wapi?"

"Afrika," nilisema mimi.

Mama akashusha pumzi. "Wawe hapa, au Canada, au Mexico. Afrika haimo."

Nilipomfikishia, alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeiondoa Afrika. "Muulize, Mexico ni Marekani?"

"Si Marekani," alisema mama.

"Basi?"

"Basi mimi sikuitunga sheria."

"Mwambie hata mimi sikuichagua Tabora."

Hilo sikulitafsiri. Mama akainuka, akafunga mlango, akarudi na fomu mpya ambayo haijaandikwa kitu. Sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kwenda kula. "Sikilizeni. Mimi sijauliza chochote na sijasikia chochote. Akiandika kumi, fomu inabaki kwenye kabati langu. Sina barua ya kuandika, yeye hana maswali ya kujibu. Atoe mmoja tu."

Nikamwambia atoe mmoja tu.

"Yupi?"

"Anauliza yupi," nikamwambia mama. Akacheka.

"Yeyote."

"Yeyote, kaka. Mtoe mama yako, mtu mzima yule, hatajua."

Aligeuka polepole. "Mtoe wako."

"Wangu sikumwandika."

"Ndiyo maana ulimi wako mwepesi."

Nilijua angepoteza nini akikataa, naye alijua kuliko mimi. Ile tofauti ya kila wiki ndiyo iliyokuwa ada za shule, zote, na shule za nyumbani hazingoji serikali ya Marekani ikurudishie cha kwako mwaka ukishakwisha. Akachukua kalamu. Nilimwona akiwapitia mmoja mmoja, midomo ikicheza, kama mtu anayehesabu mbuzi usiku wa kuhama.

"Huyu wa mwisho wa marehemu," alisema, "alizaliwa baba yake ameshazikwa. Hata sijamwona kwa macho."

"Basi, huyo huyo," nilisema. "Andika kumi tuondoke."

Kalamu ikagusa karatasi. Ikakaa hapo. Mama akaitazama saa ya ukutani.

"Jina nilimpa mimi," alisema. "Kwa simu. Walinipigia wakaniuliza aitweje." Akaiweka kalamu mezani, akaisukuma mbali kwa kidole. "Mwambie apeleke ile ya kumi na moja."

Tulipotoka nilimtukana. Nilimwambia ni majivuno ya mtu wa reli, kwamba fomu si Kurani, kwamba amewanyima ada watoto wanane ili asimfute mmoja kwenye karatasi ambayo ingelala kabatini. Hakubisha. Alisema, "Umemaliza?" akarudi kwenye matairi.

Jibu la serikali lilichukua miezi. Lilipofika, lilimwagiza mwajiri amkate kama mseja asiye na mtu duniani, na fomu yoyote atakayojaza yenye namba kubwa kuliko hiyo isipokewe. Mama wa mishahara alitusomea barua nzima bila haraka, na nadhani alifurahi. Mtu wangu alikuwa na swali moja.

"Muulize kama natakiwa kusaini kwamba sina mtu."

"Hapana," alisema mama. "Akubali asikubali, tutakata."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, kama mtu aliyeshinda kesi. Nilitaka alaani ili na mimi nipate wa kulaani naye. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kuhusu nchi inayoona watoto wa Mexico na kuwapofukia wa Tabora, na hakunipa nafasi ya kuyasema.

Cheki ikasinyaa. Akaongeza kazi ya Jumamosi, kufagia maofisi huko Plano, ambako Watanzania wenzetu wenye tai walimwamkia "shikamoo" kwa heshima kisha wakaacha vikombe vyao vichafu mezani. Pesa ya nyumbani aliendelea kuituma ile ile, bila kupungua senti. Pengo akalifunga kwingine.

"Kuanzia mwezi huu utalipa nusu ya pango," aliniambia tukila.

"Si ulinichukua kama mtu wa nyumbani?"

"Wa nyumbani, ndiyo. Lakini ninaowabeba nimeshawataja serikalini, dogo, na wewe hukuwamo."

Nilibishana siku mbili, kwa sababu ya mazoea tu. Kisha nikafunga begi nikarudi upande wa Houston, Stafford, ambako kulikuwa na Wakongo waliokuwa wakitafuta mtu wa zamu za kiwandani. Siku nilipoondoka hakunisindikiza hata mlangoni. Alikuwa kwenye simu na Tabora, kadi ya simu imebaki dakika chache, anamkaripia mmoja wa wale wanane kwa kupoteza viatu.