Supu Kutoka Olmotonyi

Mama yule alishuka kutoka kijijini Olmotonyi kila asubuhi na chupa ya chai iliyojaa supu ya mbuzi, imechemshwa na magome ya miti. Kwao aliyeumia hunyweshwa supu hiyo mpaka damu irudi. Mimi, daktari wa wodi, nilimruhusu. Mwanawe aliinywa kwa hamu kuliko alivyomeza vidonge vyangu.

Kijana aliletwa na polisi, pingu mkononi. Eti ameanguka na pikipiki. Nimeshona wengi walioanguka na pikipiki, sijaona aliyevimba nyayo. Kosa lake, alininong'oneza, ni kubeba bango barabarani, eneo la Sakina.

Walipokuja wanaume wawili wenye nguo za kiraia kumchukua, nilikataa. Mkojo wake bado ulikuwa na damu, figo zimeelemewa.

"Mkimrudisha mahabusu atakufa," niliwaambia.

"Kwani dokta wewe ni Mungu?" mmoja akacheka.

Wakamwita mganga mfawidhi, mkuu wetu, mzee aliyenifundisha kazi hii. Akanivuta pembeni.

"Mwanangu, una watoto wadogo. Ukubwa ni jalala, hili niachie mimi."

"Basi anayemtoa na aichomoe dripu mwenyewe," nikasema.

Nilidhani atasita. Aliinama, akachomoa sindano taratibu, akabana pamba kwa kidole gumba mpaka damu ikakata, vilevile alivyonifundisha. Akamuuliza kijana kama imemuuma. Nilimchukia kwa upole ule, na bado namchukia.

Mama alipofika, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka safi.

"Shikamoo mama," nikasema.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, chupa mapajani. Nikamweleza kila kitu, na habari ya figo pia, maana ni haki yake. Nikamwambia hawakutaja kituo wanachompeleka. Hakulia. Alimimina supu kwenye kifuniko, akanipa.

"Kunywa, daktari. Sitairudisha nyumbani."

Ilikuwa chungu, na bado ya moto. Nilikunywa yote huku akinitazama kama alivyokuwa akimtazama mwanawe.

"Huko walikompeleka," aliuliza, "daktari wa huko naye ataniruhusu nilete?"

Nilimwambia sijui kama huko kuna daktari. Akafunga chupa, akasema basi kesho ataileta hapahapa.