Gauni la Kupimia

Fundi alikuwa mnene na alijijua, ingawa watu hawakuchoka kumkumbusha. Kwa miaka ishirini alikuwa akikanyaga cherehani katika chumba kimoja kinachotazama barabara, akiwapunguzia nguo waliokonda na kuwaongezea walionenepa, bila kumcheka mtu. Kisha magoti yakaanza kumtesa. Daktari hakumficha: mwili usipopungua, cherehani ataiaga. Na huyo mama bila cherehani angekuwa nani?

Mteja mmoja akampeleka kwa tabibu wa Ayuveda, ile tiba ya kale ya Wahindi. Mzee hakumuahidi miujiza. Alimshika mkono, akasikiliza mapigo.

"Mama, wewe una asili ya maji na udongo, sisi tunaiita kafa. Watu wa kafa ni wapole na wana nguvu, ila moto wa tumbo lao hufifia upesi. Usiuzime kwa kula kabla njaa haijaja."

Mlo mkubwa uwe wa mchana. Wa jioni uwe mwepesi na mapema. Anywe maji ya uvuguvugu yenye tangawizi, atembee taratibu asubuhi, aache kusinzia baada ya kula. "Na mizani achana nayo, itakutia wazimu. Chagua nguo moja inayokubana, uijaribu kila mwisho wa mwezi."

Akachagua gauni la samawati alilojishonea zamani. Zipu yake ilikuwa mgongoni, kwa hiyo aliyempandishia ni mdogo wake, aliyefanya kazi naye meza moja. Fundi ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, akamfundisha hata kutunga uzi.

Mwezi wa kwanza zipu ilikwama kiunoni. Wa pili ikakwama palepale, na Fundi akashinda kutwa hasemi na mtu. Wa tatu ikapanda mpaka katikati ya mgongo.

"Dada, unaisha wewe!" mdogo akapiga makofi.

Basi Fundi akazidi kujikaza. Keki za wateja alizitazama tu kama picha. Mwezi wa tano zipu ikafika juu, na wa sita gauni likapwaya, akaamua kulipunguza.

Akaligeuza ndani nje. Ile akiba ya kitambaa aliyoiacha pembeni mwa mshono haikuwepo. Mshono ulikuwa umesogezwa hadi ukingoni, gauni likapanuka. Mwisho wa mshono uzi ulirudishwa mara tatu. Mafundi wengi hurudisha mara moja. Mara tatu alimfundisha mtu mmoja tu duniani. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

"Nani kaachia huu mshono?"

Mdogo akainamisha kichwa. "Mimi, Dada. Ule mwezi wa pili ulivunjika moyo sana. Nikakuonea huruma."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na makofi ukanipigia."

Hasira zikampanda Fundi. Miezi sita ya njaa na tangawizi, naye hakujua kama amepungua hata kidogo. Pengine alikuwa akipigiwa makofi tu kama mtoto anayejifunza kutembea. Akashika kiwembe, akafumua pande zote mbili. Vitundu vya sindano vya zamani bado vilionekana, akashona kwa kuvifuata, kitundu kwa kitundu. Akalivaa.

Mdogo akanyoosha mkono kwenye zipu.

"Usiniguse!"

Akamwita jirani wa duka la vifungo. Zipu ikapanda mara moja, haikugoma popote.

"Mbona linakupwaya kiunoni, Fundi?" jirani akauliza. "Si ulipunguze?"

Mdogo akaangua kilio na kicheko kwa pamoja. "Umeona, Dada? Umepungua kweli!"

"Nimeona." Fundi naye alikuwa akilia. "Ningeliona hili mwezi baada ya mwezi, nikafurahi na wewe. Lakini wewe ulishaamua zamani kwamba siwezi."

Mdogo akafuta machozi, akarudi kwenye cherehani. Waliendelea kushona meza moja, wakipeana mkasi kama kawaida. Mwisho wa mwezi uliofuata Fundi alilikunja gauni lake, akalitia kwapani, akaenda kulijaribia kwenye duka la vifungo.