Gambuti Kibanjani

Mwaka ule nilikuwa mtu wa kuumwa. Kikohozi kikiisha, jipu linaota; jipu likipona, kidole nilichojikata kwa panga kinatunga usaha. Kijiji kizima cha Kishanda kilikuwa na jibu lake. Nilipima virusi vya UKIMWI, nikaambiwa sina, wakanong'ona vilevile. Jirani mmoja aliacha kunipa mkono. Nilichoka, lakini hasira ilizidi uchovu.

Nikaenda Bukoba kwa dada yangu wa Hamugembe, akanipeleka zahanati. Daktari alifunua kope zangu, akaona weupe, akaagiza nipimwe choo.

"Una safura, minyoo wa damu," akasema.

Nikacheka. Dawa za minyoo si za watoto wa shule?

"Minyoo hawaulizi umri, mama. Wanakunywa damu, halafu wanaituliza kinga ya mwili isiwafukuze. Kinga ikizoea kutulizwa, magonjwa mengine nayo yanapata nafasi."

Akaniuliza navaa nini miguuni nikiwa shambani. Sivai kitu, nikamjibu.

Kwetu mwanamke huingia kibanjani, shamba la migomba la nyumbani, akiwa peku. Watoto wadogo nao hujisaidia kwenye mashina ya migomba, eti mkungu unenepe. Na safura huingilia kwenye nyayo. Nilikuwa nimeulima ugonjwa wangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikameza dawa, nikarudi na gambuti. Mama mkwe alinikuta kwenye migomba. Alikuwa akihema kwa kupanda kilima kidogo tu.

"Waitu, mwanangu! Bibi wa mume wako alilima hapa peku. Wewe unaona kinyaa?"

"Sioni kinyaa, mama. Nataka kuishi. Nina safura, nimeipata humu."

"Nyamaza basi. Watu watasikia."

Ninyamaze! Hicho ndicho minyoo walichokuwa wakikitaka kwangu. Nikapaza sauti imfikie na jirani: mficha maradhi kifo humuumbua. Nina safura, na kuanzia leo hakuna mtoto atakayechuchumaa chini ya mgomba wangu. Choo kipo!

Msimu mzima niliitwa mwenye kiburi. Sawa. Kidole kilifunga, kikohozi hakikurudi. Jirani alipoleta tena mkono wake niliupokea, ila sikuukimbilia.

Masika yaliyofuata nikakuta gambuti zangu hazipo mlangoni. Nilizifuata hadi kibanjani. Mama mkwe alikuwa amezivaa, zinampwaya, anapalilia. Hakuinua kichwa.

"Usiingie peku," akasema. "Nenda kanunue zako."