Pedeli ya Kushoto

Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole vitatu vya mkono. Nimezaliwa hivyo, na pole za watu sizitaki. Miaka kumi na nne nimekuwa mhudumu wa afya wa kijiji huku Ndagoni, nyumba hadi nyumba na mkoba begani, napima watoto, nawasukuma wajawazito waende kliniki. Nyumba zenyewe zimetawanyika ndani ya minazi na mihogo. Pikipiki zinaishia barabarani. Kwangu mimi ni vijia vya kupita mtu na mbuzi, mchanga mtupu. Mwaka jana nyonga ikaanza kugoma. Daktari akaniambia nikiendelea kutembea vile, iko siku sitatembea kabisa. Ofisini nao wakasema, kwa upole, kwamba nisipopata namna ya kuzifikia nyumba zangu, mkoba atapewa mwingine. Upole ule uliniuma kuliko tusi.

Nikaazima baiskeli ya jirani, lile dubwana jeusi la kubebea nazi. Nikashusha kiti mpaka mwisho ili mguu mfupi ufike, maana kila mtu alisema ndivyo. Kujimudu juu yake nilijifunza kwa siku nne. Lakini goti la kulia lilikuwa likipanda karibu na kidevu, na nikifika shamba la pili mgongo unawaka moto. Mama yangu alinikataza baiskeli tangu utotoni, akisema nitavunja hata ule mguu mzima. Nikaanza kuona kwamba alisema kweli, na mimi kukubali kwamba mtu mwingine kasema kweli si kazi ndogo.

Ndipo nikaenda Kilindoni kwa fundi mmoja mtu mzima, anayeuza baiskeli za mtumba zinazokuja kwa boti kutoka bara. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Alikuwa na tatu za kupanda milima. Nikaikimbilia nyekundu, yenye springi mbele na nyuma.

"Hiyo ya kupigia picha," akasema. Akanionyesha viungo vya nyuma. "Kila penye bolti hapa patakula chumvi na mchanga. Na nusu ya nguvu zako itamezwa na springi kabla haijafika kwenye tairi."

Ya pili ilikuwa ya fedha, nyepesi, niliinyanyua kwa mkono mmoja. Akaigonga fremu kwa spana, ikatoa mlio mfupi uliokufa palepale. Alumini, akasema, ikipasuka kisiwani hapa hakuna wa kuiunga. Akaigonga ya tatu, ya kijani, rangi imebabuka, shokapu mbele tu, nyuma hakuna. Mlio wake ulikwenda mpaka nikausahau, kisha nikausikia bado upo. Kile ni chuma, akaniambia, hata kikipinda mchomeleaji yeyote wa mageti atakinyoosha.

Nikamwambia hiyo ni mbaya kwa sura.

"Wewe unataka baiskeli au mchumba?"

Nikaenda kuishika ile ya kijani.

Akatazama viatu vyangu, kimoja kina soli nene. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu makali, yale ninayowawekea wenye huruma. Yeye akauliza tu, "Vidole vingapi?" kama mtu anayeuliza namba ya kiatu. Nikasema vitatu. Akaenda kwenye kiti, akakipandisha juu.

"Sasa si nitaning'inia?"

"Kiti ni cha mguu mrefu," akasema. "Huo mfupi tutauletea pedeli."

Maisha yangu yote nimekuwa nikishushwa mimi mzima ili nilingane na mguu mmoja, na haikunipitia akilini kwamba kinachoweza kusogea ni chuma.

Kazi ilibaki kwenye nyonga. Ilibidi mtu anitazame kwa nyuma nikikanyaga pedeli, aone kama nyonga zinayumba, na mimi ni mwanamke, fundi naye mwanamume mwenye kujiheshimu. Akamwita mkewe. Mama wa watu akatoka jikoni na unga mikononi, akasimama nyuma yangu. Fundi akaegemeza fremu juu ya kreti la soda, gurudumu la nyuma likaelea, akaniambia nipande nishike ukuta, kisha akaketi kwenye kigoda, mgongo kwetu, uso barabarani. Mkononi ana kisu na kandambili kuukuu, kama zile wavuvi wanazokata kufanyia maboya ya nyavu.

Nikakanyaga.

"Kushoto kunazama," mkewe akasema.

Fundi akakata kipande, akakipitisha kwa nyuma bila kugeuka. Mama akakifunga kwenye pedeli kwa nailoni ya mshipi wa kuvulia. Nikakanyaga tena. "Bado." Kipande kingine. "Bado kidogo." Cha tatu kilipofungwa, mama hajafungua hata mdomo, fundi akasema, akiwa amegeukia barabara vilevile, "Sasa kumezidi." Alikuwa ameisikia cheni ikibadili mlio. "Kweli kumezidi," mkewe akajibu. Akakifungua, akamrudishia. Fundi akakipunguza kwa kisu, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, na nilipokanyaga safari ile mama hakusema kitu.

"Mbona kimya?" fundi akauliza.

"Naangalia," akasema mkewe. "Huyu mtwike ndoo ya maji, tone halimwagiki."

Nikasema subhanallah, polepole. Nyonga zangu mbili zilikuwa zimekaa sawa, nami sikuwahi kujua kukaa sawa kunakuwaje.

Fundi akavikaza vipande vile kwa bolti, akailegeza shokapu kwa uzito wangu, akapunguza upepo. Mchangani, alisema, tairi liwe kama embe lililoanza kuiva.

Nikamlipa, na kesho yake nilizunguka nyumba zangu nikiwa juu yake. Kufika adhuhuri nimemaliza saba, na nyonga haijasema neno. Ya nane ilikuwa ya mama yangu. Nilimwona kwa mbali barazani anashona makuti. Akaacha, akaweka kiganja juu ya macho yake hafifu, kisha akaingia ndani haraka. Nikadhani hataki kuniona nikianguka.

Nilipofika, kiti cha mgeni kilikuwa nje, na mama amesimama kando yake katika kanga yake ya Idi.

"Karibu, karibu mgeni wetu."

"Shikamoo mama."

Akanisogelea, akanitazama usoni. "Ni wewe?" akasema. "Nilidhani mtu wa wilayani. Nilisema huyu anayekuja amenyooka hivi ni nani?"

Akaketi yeye kwenye kile kiti. Nilitaka kushuka, akanizuia kwa mkono.

"Usishuke. Rudi mpaka kule kwenye mkorosho, uje tena."

Nikarudi, nikaja. "Tena," akasema. Mara ya tatu nilimkuta analia, na sikumuuliza kitu, maana mimi nilikuwa nalia tangu ile ya pili.